Chini ya Rangi ya Buluu

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Mwalimu na mwanetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kama kuna mafua basi yawe yale ya kawaida yanayokuja na kuondoka yenyewe. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika nikikanyaga cherehani zaidi ya saa mbili, lakini nimeliambia lizoee. Binti yako mkubwa, huyu niliyemzaa mimi, aliandika juzi kutoka kazini kwake, anakusalimu na anasema mama yake mdogo amemtupa. Nimefurahi uliposema tumbo halijakusumbua mwaka wa ngapi sijui huu. Ulipokuwa mtoto, maji ya nyumba yoyote isipokuwa yetu yalikuwa yanakulaza siku tatu, na mama alikuwa anakufungia chupa ya maji ya kuchemsha hata ukienda nyumba ya pili kucheza. Tumshukuru Mungu.

Najua umenuna. Barua yako ina wiki sita mezani kwangu, chini ya mkasi mkubwa, na wewe umekaa huko unasema dada amenidharau. Sikukudharau hata kidogo. Nimeanza kukujibu mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi.

Uliniandikia mambo mazito. Umesema miaka kumi na moja ya ndoa imechuja, rangi imebaki kwenye mishono tu. Mwalimu akirudi shuleni anakula, anasahihisha madaftari, analala. Hajakwambia neno tamu tangu mwanetu alipokuwa anatambaa. Jumamosi, siku ambayo wenzako wanatoka na waume zao, yeye yuko juu ya tangi la maji na brashi na dawa, anasugua, na akishuka ananuka klorini na habari yake ni kwamba tangi liko safi. Umesema kazini wamekupa fomu ya uhamisho, cheo kile kile, mji mwingine, nyumba ya mtu mmoja na mtoto. Mwalimu hajui. Mwisho wa mwezi huu tulio nao ndiyo siku ya kuirudisha. Halafu ukaniuliza swali ambalo ndilo lililonichanisha karatasi zote zile: mimi na shemeji yako tumewezaje miaka ishirini na minne, na je, bado kuna kitu kati yetu, au tumezoeana tu?

Siku barua yako ilipofika, kama ningekujibu kwa ukweli ningekwambia tumezoeana tu, tena afadhali mazoea kuliko tulivyokuwa wiki ile. Leo siwezi kukujibu hivyo. Kuna jambo limetokea hapa, na tangu litokee natembea nimepigwa butwaa, wateja wananiuliza kama nimefiwa. Sijafiwa. Hebu tafuta kiti ukae, usome taratibu.

Unamjua shemeji yako. Wewe ndiye uliyempachika jina la Bwana Chumvi. Ukija kwetu unapika jasho linakutoka, yeye anakula hadi anaisafisha sahani, kisha anasema, "Chumvi iko sawa." Hiyo ndiyo sifa, hiyo ndiyo asante, hiyo ndiyo hotuba. Tumecheka mimi na wewe jikoni hadi tumeshika mbavu. Lakini mpe brashi mkononi uone. Wakati wake mji huu wote ulikuwa umejaa mkono wake: mlango wa kinyozi, ukuta wa duka la dawa, ubavu wa malori. Alipokuja kunichorea kibao cha duka langu sikuwa namfahamu. Yalikuwa maneno matano tu, FUNDI WA NGUO KARIBU NDANI, herufi za njano juu ya buluu. Alichukua siku kumi na moja. Anachora nusu ya herufi, anarudi nyuma hadi barabarani, anakodoa macho, anaaga. Tulishaoana muda mrefu ndipo kinyozi akaniambia kwamba kibao kama kile huyu bwana alikuwa anakimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilipomuuliza, akasema siku zile rangi ilikuwa haikauki.

Tangu hapo, kila mwaka, mwezi ule ule tuliofungua duka, anapanda ngazi, anakishusha kibao, anakibeba hadi nyumbani na kujifungia nacho stoo. Baada ya siku mbili tatu kinarudi ukutani: buluu ile ile, njano ile ile, maneno yale yale matano. Hana mwaka hata mmoja aliosahau. Nilikuwa namcheka mbele ya wateja. Nilikuwa nasema wanawake wengine waume zao wanawanunulia hereni, mimi wangu ananipakia ubao rangi. Akinisikia anatabasamu kidogo na kuendelea kuosha brashi zake kwa mafuta ya taa.

Sasa kazi yake imekwisha, hilo unalijua. Mtu anaingia kwenye duka la mabango ya kompyuta, anachagua rangi kwenye kioo, anakwenda sokoni, akirudi bango lake liko tayari. Na mkono wa shemeji yako umeanza kutetemeka. Si sana, lakini mwaka jana ile N ya kwenye NDANI ilikuwa imepinda mguu. Nikajifanya sijaiona. Basi mwaka huu mwezi wetu ulipokaribia nikasema moyoni, huyu mzee wa watu nimpumzishe. Nikaenda kuagiza bango la plastiki lenye taa ndani na picha ya mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumshonea nguo maishani mwangu. Siku aliyokwenda hospitali kupimwa macho, nikaita watu wakalifunga. Ubao wa zamani nikampa seremala jirani yangu aulainishe na kuuwekea miguu, uwe meza ya kukatia vitambaa. Nilijiona nimefanya jambo la akili, tena la huruma.

Alirudi mchana. Akasimama barabarani pale pale alipokuwa akisimama zile siku kumi na moja, akaangalia juu. Nikatoka na tepu shingoni, natabasamu, nikamuuliza vipi. Akasema, "Limenyooka." Kisha akauliza ubao uko wapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake nyumbani.

Utasema mtu ambaye siku zote hasemi, akinyamaza utajuaje? Unajua, mdogo wangu, tena unajua vizuri sana. Miaka yote saa kumi ya alasiri alikuwa ananiletea chai dukani kwenye chupa, anakaa kwenye kibenchi cha wateja, tunakunywa kimya kimya, anaondoka. Akaacha. Brashi zake akazifunga kwenye gazeti akaziweka juu ya kabati. Akipewa chakula anakula na kuinuka, hata chumvi haitaji tena. Mimi nikaona ni jeuri ya ufundi, kwamba amechukia kushindwa na kompyuta, na badala ya kumhurumia nikamkasirikia. Nikamwambia, kwa ile sauti ya ukoo wetu unayoijua, kwamba kibao ni kibao tu, na mwanamume mzima hamnunii mkewe kwa sababu ya kipande cha mbao. Akaingia stoo na kufunga mlango. Siku hiyo hiyo ndiyo barua yako ilifika, na wewe unaniuliza siri ya mapenzi.

Wiki mbili baadaye seremala alikuja dukani. Huyu ni mtu asiyeweza kupita bila kunitania. Akiona nimekonda atasema nimenenepa, akiona nimenenepa atauliza mlango uongezwe upana lini. Siku hiyo alivua kofia. Akasema mama, njoo uuone ubao wako, kuna vitu humo si vya mimi kusoma. Nikadhani amekuta mchwa na anatafuta namna ya kuniambia kwa adabu.

Kwenye karakana yake alikuwa ameugeuza ubao ukaelekea ukutani. Akanieleza kwamba alianza kuusugua kwa msasa laini na maji, ukingo wa chini, na buluu ilipoanza kutoka yakajitokeza maandishi. Si zile herufi za njano. Maandishi madogo, meupe, ya brashi nyembamba, yaliyokuwa yamefunikwa na rangi. Alisoma maneno mawili tu akaugeuza. Basi akaniwekea ndoo ya maji na msasa, akatoka kwenda kukaa nje juu ya rundo la mbao zake.

Nikaugeuza ubao, nikainama. Ukingoni kabisa, chini ya KARIBU NDANI, kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu mwenyewe:

"Mwaka wa 23. Amenunua miwani na ananificha. Akitunga uzi anakunja pua. Miwani inampendeza."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao na gauni langu la kazi. Miwani ile naiweka ndani ya kopo la vifungo, naivaa akiwa hayupo tu, na nilikuwa nadhani hakuna kiumbe anayejua.

Kumbe kila mwaka kabla hajapaka rangi mpya, shemeji yako alikuwa anaandika mstari mmoja juu ya rangi ya zamani. Akishauandika anaufunika kwa buluu, anachora maneno yake matano juu, anakirudisha kibao ukutani. Hakuandika ili nisome. Hakuandika ili mtu yeyote asome. Na mimi nimepita chini ya mistari hiyo kila asubuhi nikifungua duka na kila jioni nikifunga, miaka yote hiyo, huku nikiwasimulia wateja kwamba nimeolewa na bubu.

Nilitaka kuona mwaka uliotangulia. Nikachovya msasa, nikasugua mara mbili, na hapo nikauinua mkono, kwa sababu niliona jambo ambalo seremala alikuwa ameliona kabla yangu. Ili niufikie mwaka wa ishirini na mbili, lazima niufute wa ishirini na tatu. Hakuna njia nyingine. Nikatoa daftari langu la vipimo kwenye mfuko wa aproni na kunakili kila neno kwanza. Kwa hiyo leo ukilifungua daftari lile utakuta kiuno cha mama wa duka la dawa, mabega yake, urefu wa gauni, na chini yake maneno ya mume wangu.

Nilikwenda alasiri tatu mfululizo. Nilikuwa nafunga duka saa tisa na kuandika mlangoni kwamba nimekwenda kutafuta zipu. Seremala alikuwa ananitayarishia ndoo na kutoka. Nakuandikia michache, mingine niachie niwe nayo mwenyewe.

"Mwaka wa 22. Ameugua siku tisa. Nilikaa stoo nikahesabu kikohozi chake kupitia ukuta. Jumatatu akanigombeza kuhusu viatu, nikajua amepona."

"Mwaka wa 20. Binti ameondoka. Amekaa kitandani kwake mchana kutwa anakunja shuka moja. Nilisimama mlangoni. Sikujua niingieje."

"Mwaka wa 19. Leo ameimba akidhani sipo."

"Mwaka wa 17. Mvi ya kwanza, nyuma ya sikio la kulia. Hajaiona. Sitamwambia."

Halafu huu, mdogo wangu, usome polepole. "Mwaka wa 16. Nilitaka kusema leo mezani. Nilipanga maneno tangu asubuhi. Nikasema chumvi iko sawa."

Hapo nililia. Nililia hadi seremala akachungulia dirishani akarudi kukaa. Ile sentensi tuliyoicheka jikoni mimi na wewe, tukaigiza na sauti yake, tukaifanya kuwa jina lake, kumbe mara nyingine kulikuwa na maneno ya kutwa nzima nyuma yake, yamefika mdomoni yakakwama. Nilijisikia mdogo mbele ya ubao. Sijui neno jingine la kukwambia.

Alasiri ya tatu nikafika mwaka wa 15. "Kicheko chake kimerudi dukani. Nimekisikia nikiwa kwa kinyozi." Nikanakili. Nikachovya msasa kwenye maji, kisha nikauweka chini, kwa sababu nilijua mwaka unaofuata ni upi.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua hii. Mwaka wa kumi na nne ni mwaka aliozaliwa mwanetu. Watu wote wanajua kwamba nilikuja kwako miezi minne kukusaidia kulea, na wewe hadi leo unalisimulia kwa fahari, kwamba dada yangu alifunga duka kwa ajili yangu. Ni kweli nilimbeba mtoto, nilimwogesha, nilikesha naye. Lakini sikuja kwa ajili yake. Nilikuwa nimemwacha mume wangu. Unamkumbuka yule mwenye duka la vitambaa aliyekuja mara mbili kwako, nikakwambia ameniletea mzigo? Hakukuwa na mzigo wowote. Alikuwa na mdomo. Alinisifia mikono yangu, alinisifia mwendo, aliniambia mwanamke kama mimi hafai kuzikwa kwenye kichumba cha cherehani moja, na kwamba angenifungulia duka mji mwingine tuishi wote. Mimi niliyekula chumvi iko sawa kwa miaka kumi na minne, nikalewa. Hatukufika mbali kama unavyoweza kufikiri, lakini moyo wangu ulishafika. Begi langu lilikuwa limefungwa tayari, chini ya kitanda ulichonipa nilalie. Nisamehe kwa kukutumia wewe na mtoto mchanga kuficha uchafu wangu.

Na wala usidhani nilirudi kwa sababu ya uaminifu. Ile mara ya pili alipokuja, nilimkuta kwenye soko la kwenu anamwambia muuza vifungo maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, hata pale pa kushusha pumzi hajapabadilisha. Basi nikarudi nyumbani na uongo wangu. Duka lilikuwa limefungwa miezi minne, kufuli limeshika kutu, buibui wamejenga mlangoni. Lakini kibao juu yake kilikuwa kimepakwa upya, kinang'aa. Nikasema moyoni, Mungu nisamehe, mjinga gani huyu anapaka rangi kibao cha duka lililofungwa. Alinipokea begi, akasema nimekonda. Hakuuliza lolote, siku hiyo wala siku nyingine.

Kwa hiyo nikiwa pale karakanani, kati yangu na mwaka ule kulikuwa na kusugua mara moja tu. Nilitaka kujua kama alijua. Lakini niliona kwamba nikiusoma mstari ule kwa kujificha nitakuwa nimemwibia mara ya pili, tena safari hii nikiwa na akili zangu timamu. Nikamwomba seremala tuubebe ubao hadi nyumbani.

Shemeji yako alikuwa uani anachomeka mguu wa kiti. Tukauweka ubao juu ya meza, seremala akaondoka bila utani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. Yeye aliangalia ule ukingo uliosuguliwa, akapitisha kidole, akaona kwamba miaka minane haipo. Nikampa daftari la vipimo. Alilishika mbali, mkono umenyooka, kwa sababu na yeye macho yamekwisha. Nikatoa kopo la vifungo mkobani, nikaitoa miwani yangu mbele yake, nikampa, akavaa. Akasoma yote akiwa amesimama, miwani ya kike puani, anapita kwenye viuno na mabega ya watu akitafuta maneno yake. Alipofika mwaka wa ishirini na mbili akachukua penseli, akakata "Jumatatu" niliyonakili vibaya, akaandika "Jumapili". Akaendelea kusoma.

Alipofunga daftari nikamwambia kila kitu. Mwenye duka la vitambaa, begi, kitanda chako, soko. Niliyasema nimesimama, namtazama. Nilishangaa kwamba jambo nililolificha miaka kumi linakwisha kusemwa kabla maji ya chai hayajachemka.

Alivua miwani, akanirudishia. Kisha akaweka kidole gumba kwenye buluu, pale pale nilipoishia, na akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake kwa mkupuo mmoja.

"Nilijua. Mwaka ule niliandika mistari miwili. Wa kwanza niliuandika kwa hasira, nikaupaka rangi. Ulipokauka nikaandika mwingine juu yake. Ukishuka na msasa utaukuta wa pili kwanza. Ishia hapo hapo."

Mdogo wangu, hebu fikiria. Huyu mtu alipanda ngazi kwenye duka lililofungwa, hajui kama nitarudi, akaketi stoo na hasira yake, akaiandika, akaifunika, akangoja siku zake ikauke, kisha akarudi akaandika tena. Na miaka kumi ameniletea chai saa kumi. Nilimwomba msamaha kwa goti lile lile bovu. Aliniinua akasema mwaka ule ulishakauka zamani, nisiusumbue. Sikushuka na msasa. Uko pale pale chini ya kicheko changu, mistari yote miwili, na itabaki hapo.

Siku ya pili alizishusha brashi juu ya kabati. Bango la plastiki nimelihamishia ndani, taa yake inanifaa kutungia uzi. Alipokuwa anakoroga buluu nikamwambia mwaka huu mstari niandike mimi. Akafikiri, akaniachia ile brashi nyembamba, akatoka stoo na kunifungia mlango mwenyewe. Nilikaa mle ndani nusu saa nzima na brashi mkononi. Mimi, mwenye mdomo huu! Ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi yake. Mwisho niliandika, kwa mwandiko wa kuku, pembeni ya mstari wa kicheko. Nilichoandika sikwambii hata wewe. Yeye alirudi akaupaka rangi akiwa anaangalia dari ili asisome, akachafua ukingo mzima na kiatu kimoja. Kibao kimerudi ukutani. Ile N bado imepinda mguu, na kinyozi ameuliza kwa nini hatuirekebishi. Hatuirekebishi.

Sasa kuhusu Mwalimu. Sikuandikii kukwambia ubaki. Mimi niliyefunga begi chini ya kitanda chako sina mdomo wa kumzuia mtu asiondoke, na huenda wewe una sababu ambazo hukuniandikia. Ila nilipokuwa nanakili mistari ile nilikuwa nalifikiria tangi lenu. Majirani zako wanaosha matangi yao mara ngapi? Sisi hapa ni mara moja kwa mwaka, tukikumbuka. Na wewe mwenyewe umeniandikia, kwenye ukurasa wa kwanza, kwamba tumbo halijakuuma mwaka wa ngapi sijui huu. Hesabu vizuri ni tangu lini. Huenda ni tangi tu, mdogo wangu, kuna wanaume wanaopenda kupanda juu ya vitu. Lakini Jumamosi hii chukua brashi ya pili, panda ngazi umfuate, na umuulize kwa nini kila wiki. Muulize kwa sauti ya chini, si ile yetu. Fomu usiitie sahihi kabla hujashuka.

Mbusu mwanetu kwa niaba yangu, na umwambie gauni lake liko tayari, nimeacha upindo mkubwa kwa sababu najua anavyorefuka. Mwalimu msalimie sana. Ukiniandikia usiogope kunigombeza kuhusu lile la begi, ninastahili, ila andika upesi nisiumwe na mawazo.

Shemeji yako yuko hapa kwenye kibenchi, chai imeletwa. Nimemwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno la kuongeza. Amefikiri hadi kikombe kimepoa. Anasema nikwambie kwamba siku ile ya mwisho ulipokuja ukatupikia, chumvi ilikuwa sawa.

Ni mimi dada yako,
Fundi wa Nguo.
Karibu ndani.